Kupiga Hema Msitu wa Superior: Mwongozo wa Kambi Isiyo na Bomba, Umeme wala Mtandao

Kaskazini-mashariki kabisa mwa jimbo la Minnesota, kati ya Ziwa Superior na mpaka wa Kanada, uko msitu wa taifa wa Superior. Ulitangazwa kuwa msitu wa taifa mwaka 1909, na una ekari zaidi ya milioni 3 za misonobari, miti ya gome jeupe, vinamasi na maziwa yasiyohesabika. Ndani yake mna kambi za kulipia, zenye maji na mapipa ya taka. Mna pia kambi ndogo za mbali, ambazo hulipi hata senti. Ukifika huko unakuta kiwanja cha kusimamisha hema, meza ya mbao, jiko la chuma lililochimbiwa ardhini lenye wavu wa kuwekea sufuria, choo cha shimo, na ziwa. Basi. Huna bomba, huna umeme, simu haishiki, na hakuna mlinzi wa kumwuliza chochote. Mwongozo huu unahusu kambi hizo za pili.

Sisi Waafrika Mashariki tunaoishi Minneapolis, St. Paul na Brooklyn Park tuko wengi, na msitu huu uko mwendo wa saa tano hivi kwa gari. Hata hivyo wengi wetu tuna miaka kumi hapa na hatujaukanyaga. Nikiuliza sababu, jibu ninalolipata mara nyingi ni hili: "Nimekulia kwenye nyumba isiyo na umeme, leo nikalale chini kwa hiari yangu?" Naliheshimu jibu hilo. Ila watoto wetu hawakukulia huko. Wa kwangu alikuwa na miaka sita na hajawahi kuona giza la kweli wala kuchota maji. Hilo lilinitosha kufunga safari.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: kambi ya namna hii huandaliwa nyumbani. Lami ikishaisha, ulichosahau umekikosa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hatua hizi ni za kabla ya kuwasha gari.

Hatua ya 1: Chagua majira

Barafu kwenye maziwa ya huko huyeyuka mwishoni mwa Aprili hadi Mei. Kuanzia katikati ya Mei mpaka karibu mwisho wa Juni hutoka inzi weusi wadogo wanaouma. Hawachomi kama mbu, wananyofoa ngozi, na wanapenda nyuma ya masikio na kwenye ukingo wa nywele. Mbu nao hushika kasi Juni na Julai. Mtu aliyezoea mbu wa Tanga au Kisumu anaweza kudhani hawa ni wa kawaida, lakini wingi wao wakati wa magharibi pembeni mwa kinamasi ni kitu kingine. Afueni ni kwamba hawaenezi malaria.

Kwangu mimi wakati mzuri kwa familia ni kuanzia katikati ya Agosti hadi katikati ya Septemba. Wadudu wamepungua, maji ya ziwa bado yanaogeleka mchana, na bluberi za porini huwa hazijaisha zote. Halafu kuna suala la usiku. Mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu usiku na kuchomoza kama saa kumi na moja alfajiri, hivyo ukitaka nyota inabidi ukeshe. Mwishoni mwa Agosti giza huingia mapema na watoto wanaziona kabla hawajasinzia. Anga ya eneo la Boundary Waters, lililo ndani ya msitu huu, ilitambuliwa kimataifa mwaka 2020 kuwa hifadhi ya giza. Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota nyingi, inaonekana kama moshi uliotanda.

Hatua ya 2: Chagua kambi tatu, si moja

Kambi hizi hazina kuweka nafasi. Anayefika kwanza ndiye mwenye kiwanja, na nyingine zina viwanja vichache mno, vitano au sita. Ukiondoka mjini Ijumaa baada ya kazi utafika usiku, viwanja vimejaa, na watoto wamelala kwenye viti. Nenda Alhamisi, au Ijumaa uwe umefika kabla ya adhuhuri.

Andika kambi ya kwanza, ya pili na ya tatu, zote zikiwa upande mmoja wa msitu. Mfano wa kambi ninayoipenda ni ya Ziwa Kawishiwi. Unafuata barabara namba 61 kandokando ya Ziwa Superior mpaka mji mdogo wa Tofte, unapanda Sawbill Trail kuingia msituni, kisha unakata magharibi kwa barabara za changarawe. Njiani kuna kambi nyingine ndogo, kwa hiyo ukikuta hapajabaki kiwanja huna haja ya kurudi mjini.

Tofautisha kambi hizi na lile eneo la Boundary Waters nililolitaja. Humo watu husafiri kwa mitumbwi, na kulala humo kunahitaji kibali. Kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30 vibali huwa na idadi maalumu, na kundi halizidi watu 9. Kambi ya Kawishiwi iko mlangoni mwa eneo hilo. Kulala kambini pale hakuhitaji kibali, lakini ukitia mtumbwi majini na kuelekea kaskazini sheria zinabadilika.

Siku mbili kabla ya safari, pigia simu kituo cha wahifadhi cha upande unaokwenda. Viko Tofte, Grand Marais, Ely, Cook na Aurora. Uliza mambo matatu: je, barabara inapitika, kuna katazo la moto, na kuna dubu anayesumbua? Watu wa vituo hivyo wamenijibu kwa upole kila nilipopiga, na ndio wanaojua daraja lipi limesombwa wiki hii. Ukipata nafasi pita mwenyewe uchukue ramani ya karatasi.

Hatua ya 3: Andaa malazi, na uanzie chini

Hapa ndipo tulipokosea sisi. Safari yetu ya kwanza ilikuwa wiki ya kwanza ya Juni. Mjini watu walishavaa kaptula. Tulibeba mablanketi manne mazito na mikeka miwili, tukaona tumetosheka. Saa nane usiku binti yangu aliniamsha, meno yanagongana. Nilipitisha mkono chini ya nguo zake. Ubavu uliokuwa juu ulikuwa na joto, na ubavu aliolalia ulikuwa wa baridi kama bati la alfajiri. Tulikuwa tumemrundikia blanketi tatu juu, na chini ana mkeka tu. Usiku ule tuliumalizia ndani ya gari.

Ardhi ya huko inanyonya joto la mwili usiku kucha. Blanketi au mfuko wa kulalia ukilaliwa hukandamizwa, hewa inatoka, na hewa ndiyo iliyokuwa inazuia baridi. Kwa hiyo fedha yako ya kwanza iende kwenye kigodoro cha kambi, cha povu zito au cha kujaza upepo chenye kizuia baridi ndani. Vigodoro hivyo huandikwa namba ya R: tafuta 3 au zaidi. Lile godoro kubwa la upepo la wageni tunalotandika sebuleni halifai, maana ndani ni hewa tupu inayozunguka na kupoa.

Baada ya hapo ndipo uje mfuko wa kulalia. Hata Juni na Septemba usiku unaweza kushuka chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, hivyo tafuta uliopimwa kwa nyuzi 0. Kila mtu awe na soksi kavu za sufi ambazo hazivaliwi mchana, na kofia ya kulalia. Nguo za pamba zikilowa hazikaushiki na zinakupoza. Vaa sufi au nailoni.

Hema liwe na turubai la juu linaloshuka hadi karibu na ardhi, maana mvua ya huko huja na upepo wa pembeni. Hema la watu wanne linalala watu watatu na mizigo. Kabla ya safari lisimamishe uwanjani au hata bustani ya mtaani, ulimwagie maji, uone linavuja wapi. Hesabu vigingi.

Na hili nalisema kwa uzito wote: usiingize jiko la mkaa ndani ya hema, wala jiko la gesi, hata kwa dakika tano za kuondoa baridi. Nyumbani sote tumesikia habari za familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani na haikuamka. Gesi ya sumu inayotoka kwenye moto wa jiko (kaboni monoksidi) haina harufu wala rangi. Hema lililofungwa zipu ni chumba kidogo kuliko vyote. Kama baridi imewazidi, chemsha maji nje, yatie kwenye chupa ngumu isiyovuja, ivishe soksi, mtoto aikumbatie ndani ya mfuko wake.

Hatua ya 4: Chakula na maji

Maji kwanza. Beba dumu la lita 20 lililojaa kutoka nyumbani. Litakuvusha siku ya kwanza bila wasiwasi. Hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia. Baada ya hapo unachota ziwani. Usishtuke yakiwa na rangi ya chai: ni majani na mizizi ya vinamasi, na si uchafu. Kinachotisha hakionekani. Maji ya maziwa yale, hata yakiwa maangavu, yanaweza kuwa na vijidudu vya giardia vinavyoleta kuhara kwa wiki kadhaa. Yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika nzima, au tumia chujio la kambini. Nabeba vyote viwili, kwa sababu chujio likigandishwa na baridi ya usiku linaharibika bila kuonyesha dalili. Usiku wa baridi kali lilale nawe. Mwishoni mwa kiangazi ukikuta maji yana utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, hama sehemu. Sumu ya mwani huo haitoki kwa kuchemsha wala kwa kuchuja.

Kwenye chakula, upishi wetu unahitaji marekebisho kidogo. Ugali kambini ni mtamu sana jioni ya baridi, lakini sufuria yake inadai maji mengi ya kuoshea, na ukoko ukibaki usiku kucha unaita wanyama. Mimi hupika ugali siku ya kwanza tu, wakati maji ya dumu bado yapo. Chapati napika nyumbani, nazifunga kwenye karatasi ya fedha, nazipasha juu ya wavu. Maharage nayachemsha nyumbani mpaka yaive, nayagandisha kwenye mfuko, na siku ya kwanza yanafanya kazi ya barafu kwenye kasha la baridi. Kitunguu, nyanya, karanga, mchele, mayai, tangawizi ya chai: inatosha.

Dagaa waache nyumbani. Najua. Lakini harufu ya dagaa inashika kwenye nguo, kwenye mfuko, mpaka kwenye gari, na dubu ana pua inayomzidi mbwa kwa mbali. Sababu ni hiyohiyo kwa ng'onda na samaki wa kuvuta.

Pika kwa jiko la gesi la kambini. Moto wa kuni ni wa kuota na kuchomea mahindi. Usiutegemee kwa chakula cha watoto, kwa sababu siku mbili za mvua zinaweza kukunyima kuni kavu, au moto ukawa umepigwa marufuku.

Vingine vya lazima: tochi ya kichwa kwa kila mtu pamoja na betri za akiba, viberiti viwili sehemu mbili tofauti, kisu, kamba ya mita 15, ndoo ya kukunja, jembe dogo la mkono, karatasi za chooni, mifuko mizito ya taka, sanduku la huduma ya kwanza lenye kibanio chembamba cha kupe, dawa ya wadudu yenye DEET asilimia 20 hadi 30, na chandarua cha kichwa. Cha kichwa ni cha dola chache na kitaokoa safari nzima.

Hatua ya 5: Siku ya safari

Jaza mafuta kabla ya kuacha barabara namba 61, hata kama tanki liko nusu. Pakua ramani kwenye simu ukiwa bado mjini Duluth, na ile ya karatasi iwe mbele, si buti. Mwachie ndugu au jirani ujumbe: tunakwenda kambi fulani, mbadala ni fulani, gari letu ni hili, tukiwa kimya mpaka Jumapili saa mbili usiku piga simu kwa sherifu wa kaunti fulani. Tofte na Sawbill ni Kaunti ya Cook. Isabella na Two Harbors ni ya Lake. Wenye simu mpya zinazotuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti wafanye majaribio nyumbani, wajifunze jinsi ya kuielekeza angani. Usitegemee kupata mtandao kwa kupanda kilima.

Kwenye changarawe punguza mwendo. Malori ya magogo hutumia barabara hizo, hujaa upana wote, na hayawezi kusimama ghafla. Asubuhi na jioni jihadhari na moose, kulungu mkubwa kuliko farasi. Mwili wake uko juu ya taa za gari, kwa hiyo usiku humwoni mpaka umemfikia.

Hatua ya 6: Kufika na kusimamisha hema

Kabla ya kushusha hata begi moja, zunguka kiwanja ukitazama juu. Unatafuta mti uliokauka umesimama, na tawi lililovunjika likanasa. Julai 4, 1999 dhoruba ya upepo iliangusha miti kwenye mamia ya maelfu ya ekari za msitu huu kwa muda mfupi sana, watu wakiwa kwenye mahema yao. Huna uwezo juu ya dhoruba, ila una uwezo wa kutolala chini ya mti mfu. Ukiona kiwanja kimezungukwa na miti ya namna hiyo, nenda kambi yako ya pili.

Kisha tazama chini. Mahali palipobonyea, penye udongo laini usio na majani, ndipo maji yanapotuama. Chagua palipoinuka kidogo. Usichimbe mfereji kuzunguka hema kama tulivyofanya skauti shuleni. Unaharibu ardhi na kanuni za sasa haziruhusu. Turubai la kutandika chini lisizidi ukubwa wa hema, maana ukingo ukitokeza nje unakinga mvua na kuileta chini ya mgongo wako.

Mlango wa hema uupe upepo mgongo. Udongo wa huko ni mwembamba juu ya mwamba, kigingi kinagonga jiwe baada ya sentimita kumi. Kikikataa, funga kamba kwenye jiwe kubwa au gogo. Simamisha hema kwanza, kula baadaye, hata kama watoto wanalia njaa. Mvua haitawasubiri mmalize chakula.

Hatua ya 7: Moto

Kuni usizitoe mjini. Kuna mdudu wa kijani kutoka Asia anayeua miti ya ash. Aligunduliwa Michigan mwaka 2002, akafika Minnesota mwaka 2009, na husafiri akiwa lava chini ya gome la kuni zinazobebwa kwenye magari. Nunua kuni zilizothibitishwa karibu na msitu, au okota zilizokwisha kufa na kuanguka. Usikate mti uliosimama, na usibandue gome jeupe la mti ulio hai ingawa linawaka vizuri. Ingia msituni mbali kidogo na kambi, okota vijiti vyembamba kama penseli, vingine kama kidole gumba, na vichache visivyozidi unene wa kifundo cha mkono. Ukivunja na ukasikia "kak!", kimekauka. Kikipinda, kiache.

Washa ndani ya lile jiko la chuma tu. Moto uwe mdogo. Joto la moto mkubwa linawafukuza watu mita tatu nyuma na kumaliza kuni. Wa kimo cha goti mnauzunguka wote.

Kuzima ndiko kunakotaka uangalifu kuliko yote. Mei 2007 moto wa Ham Lake, ulioanzia kwenye moto wa kambi, uliteketeza karibu ekari 75,000 pande zote mbili za mpaka na kuunguza majumba ya watu. Agosti 2021, kwa sababu ya ukame na mioto iliyokuwa ikiendelea, eneo lote la Boundary Waters lilifungwa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1976. Utaratibu ni huu: mwaga ndoo nzima ya maji, koroga majivu kwa kijiti mpaka chini, mwaga tena, koroga tena. Halafu vua glavu, weka mgongo wa kiganja juu ya majivu, kisha uyaguse. Kama kuna joto lolote, bado hujazima. Udongo usiutumie kufukia. Makaa hukaa hai chini yake mpaka kesho. Fanya hivi kila mnapolala na kila mnapoondoka kwenda kuogelea.

Siku za katazo la moto, mara nyingi jiko la gesi lenye kifungo cha kuzimia huendelea kuruhusiwa, lakini soma tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa kambi.

Hatua ya 8: Dubu

Minnesota ina dubu weusi tu. Ni waoga, ila wanajifunza haraka, na dubu aliyeonja chakula cha watu huishia kupigwa risasi. Ukiacha mkate mezani, unaweza kuwa umemhukumu.

Kila chenye harufu kiingie kwenye gari lililofungwa, vioo vyote juu: chakula, taka, sufuria, dawa ya meno, mafuta ya kujipaka, sabuni, pipi ya mtoto iliyobaki mfukoni. Ndani ya hema kisiingie kitu cha kulika, hata biskuti moja. Usipokuwa na gari karibu, tumia kasha gumu la kuzuia dubu, au ning'iniza mfuko kwenye tawi, mita 4 kutoka chini na mita 2 kutoka kwenye shina. Nguo ulizopikia usizilalie.

Akija, msimkimbie. Simameni pamoja, watoto katikati, pazeni sauti, gongeni sufuria, mwachieni njia ya kutokea. Karibu kila mara ataondoka. Ikitokea nadra sana akamshambulia mtu, dubu mweusi hupiganwa. Kujilaza kama maiti hakufai kwake.

Mimi nina wasiwasi na kupe kuliko dubu. Kupe wadogo wa kulungu hubeba ugonjwa wa Lyme, na kwa kawaida hawaambukizi mpaka wameng'ang'ania siku nzima au zaidi. Kwa hiyo kagua kila jioni: kwapani, kinenani, nyuma ya magoti, kwenye nywele zilizosukwa pitia mstari kwa mstari. Ukimkuta mbane karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja. Usimpake mafuta, usimchome.

Hatua ya 9: Choo na maji machafu

Choo cha shimo kipo, ila karatasi huletwi. Usitupe humo nepi wala taka; mashine ya kunyonya shimo hukwama na kambi hufungwa. Mkiwa mbali na kambi, chimbeni shimo la sentimita 15 hadi 20, hatua 70 kutoka majini, mfukie. Vyombo na watu visioshwe kwa sabuni ziwani. Chota maji, sogea hatua zilezile 70, osha, kisha yamwage kwa kuyatawanya. Makombo yaliyochujwa yaende kwenye mfuko wa taka.

Mwenye kutaka kuvua samaki akate leseni kwanza. Minnesota inaidai kwa kila mwenye miaka 16 na kuendelea.

Hatua ya 10: Usiku wa kwanza

Waandae watu wako kwa sauti. Mama alipokuja kututembelea kutoka Tanga tulimpeleka Agosti. Saa tano usiku alinishika mkono: "Mwanangu, amka. Kuna mtu analia huko majini." Ilikuwa ni loon, ndege wa ziwa, mweusi mwenye madoa meupe, ambaye ndiye ndege wa jimbo hili. Sauti yake inapanda, inakatika, inajibiwa na mwenzake ng'ambo, kweli kama mfiwa. Nilimweleza, akakaa kimya, halafu akafungua zipu akatoa kichwa nje. Tulisikiliza mpaka miguu ikafa ganzi. Tangu siku ile tunawachezea wageni sauti hiyo kwenye simu kabla ya kuondoka mjini, wajue. Mnaweza pia kusikia mbwamwitu, mbali. Hawana haja nanyi.

Kila mtu aende haja kabla ya kulala, viatu vikae ndani ya turubai la mlangoni vikiwa vimepinduliwa, na tochi iwe mahali pamoja, ileile, ambapo mkono unaifikia gizani. Madirisha ya juu ya hema yaache wazi kidogo hata kama kuna baridi. Pumzi za watu wanne zikikosa pa kutokea hugeuka matone na kuwadondokea alfajiri.

Hatua ya 11: Kuondoka

Zima moto kama nilivyoeleza, kwa mkono. Pangeni mstari mmoja, watoto na wakubwa, mpite kiwanja chote mkiokota: vizibo, nyuzi, maganda ya mayai, hata taka mlizozikuta. Zote zinarudi mjini nanyi. Kuni zilizobaki ziachieni pembeni ya jiko kwa atakayekuja.

Mkifika nyumbani, hata iwe saa nne usiku na kesho ni kazini, hema lisilale kwenye mfuko wake. Litandazeni sebuleni juu ya viti, fungueni zipu zote, na vigodoro visimame ukutani na vali zikiwa wazi. Likikaa na unyevu siku mbili linashika ukungu, na harufu ile haitoki.